Mgongo wa Baba Brenda

Mgongo wangu ulipoanza kuuma mwishoni mwa Juni, kila mtu pale Olmotonyi alikuwa na dawa yake, na hakuna aliyeombwa. Muuza mboga wa njia panda alisema ni baridi ya mlima imeingia kwenye mfupa, nikandwe kwa maji ya moto. Mwinjilisti wetu alisema nimejitwisha ndoto za vijana. Lerionka, mwenye jimu ninakonyanyulia vyuma kule Sakina, alisema kosa ni mbio, zinasaga uti wa mgongo, niachane nazo. Wenzangu wa mbio, wale tunaokutana barabara ya msitu asubuhi, wakasema kosa ni vyuma. Wa mbio ananituma kwa wa vyuma, wa vyuma ananirudisha kwa wa mbio, na mimi hapo siwezi hata kuvaa soksi bila kushika kitanda.

Nisingejali sana kama si ile kazi. Kampuni moja ya kupandisha wageni Mlima Meru ilitangaza nafasi sita za kikosi cha uokoaji, watu wa kukaa Momela, langoni mwa mlima, na kushusha wanaozidiwa huko juu. Ajira ya kudumu, bima, sare. Mchujo ulikuwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba: unakimbia kilomita kumi na mbili za vilima ndani ya muda waliouweka wao, ukifika hukai, unashika upande mmoja wa machela yenye kilo themanini, na mwenzako anashika wa pili, mnapanda nayo. Mwisho wa umri ni miaka thelathini na mitano. Mimi natimiza thelathini na sita Desemba. Miaka saba nimelinda ghala la mahindi Kisongo kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kila mwezi wa tatu ukifika silali vizuri. Kwa hiyo mchujo ule, kwangu, haukuwa na mwaka ujao.

Ndiyo maana nilichanganya mbio na vyuma. Mbio peke yake hazibebi machela, na vyuma peke yake havipandi kilima. Siku nne za wiki nilikimbia asubuhi kabla ya kwenda kazini, siku tatu jioni nilipita kwa Lerionka, nikanyanyua chuma kutoka sakafuni na kuchuchumaa nacho begani. Hadi Mei nilikuwa naendelea vizuri hadi nikawa najisifu. Kisha Juni mgongo ukakataa, upande wa chini kulia, juu kidogo ya kiuno. Haukukatika siku moja ili nijue ni siku gani. Ulikuja kidogo kidogo, hadi ikawa nikikohoa nasimama kwanza nijipange. Kanisani ndiko nilikoteseka kabisa, maana sisi Walutheri katika ibada tunasimama na kukaa, tunasimama na kukaa, na kila nikiinuka mzee wa nyuma yangu ananong'ona, "Pole, bwana mkubwa." Nilimchukia mzee yule hadi nikaogopa kushiriki meza ya Bwana.

Julai nilikwenda hospitali mjini, idara ya fiziotherapia. Nilimkuta mtaalamu anaitwa Rukaiya, mzaliwa wa Kaloleni, mdogo kwangu kwa miaka mitano hivi, mpole wa sauti lakini ana macho ya mwalimu wa hesabu. Alinikunja, akanikunjua, akaniinamisha, akanibonyeza mpaka nikaita jina la marehemu babu.

"Hakuna kilichovunjika, kaka Dismasi," akasema. "Huu ni mgongo uliochoka, unabebeshwa zaidi ya unavyopumzishwa. Mbio na vyuma vinaweza kukaa pamoja, watu wanafanya. Ila usiviweke siku moja, na kesho yake baada ya kunyanyua kizito, kimbia taratibu. Na jambo moja la muhimu: saa nzima ya kwanza ukishaamka, usiiname. Mgongo ukitoka kulala haujawa tayari kuinamishwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

"Na kukimbia unaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Hizo saa mbili za katikati unafanya nini?"

"Nasali," nikasema.

Akaniangalia. "Saa mbili?"

"Sisi Walutheri tuna taratibu ndefu."

Akaandika. Akanipa mazoezi ya tumbo na makalio ya kufanya sakafuni, na akaniagiza ninunue daftari niandike kila siku nimekimbia nini, nimenyanyua nini, na mgongo umeuma kiasi gani. Nikaondoka nimejaa aibu na hasira, kwa sababu sikuwa nasali. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe.

Nieleze vizuri, maana mtu wa mjini hawezi kuona ubaya uko wapi. Kwetu huku kwenye miteremko ya Meru ng'ombe hatoki bandani, analetewa. Majani yanakatwa pembeni ya msitu na kwenye makorongo, yanafungwa mzigo, yanabebwa hadi nyumbani, na kazi hiyo ni ya mwanamke. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini hakuna asiyeijua. Mke wangu, Irine, ndiye aliyekuwa akiifanya. Mwishoni mwa Mei alijifungua mtoto wetu wa pili kwa upasuaji, na kliniki wakamkataza kubeba kitu chochote kizito kuliko mtoto kwa miezi mitatu. Ng'ombe hakupewa taarifa hiyo. Aliendelea kula kama kawaida, mdomo wake hauna likizo.

Ningeweza kubeba mchana kama mwanaume anayejiamini, ila nilijifunga mwenyewe. Miaka mitatu nyuma, jirani yetu Prosper aliuguza mke aliyevunjika mguu, na akaonekana akishuka na mzigo wa majani begani. Mimi ndiye niliyempa jina la Mama Majani, pale dukani, mbele ya watu, na watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Jina likamganda. Hadi leo mwenyekiti wa kitongoji akigawa kazi za barabara anamwita hivyo bila kufikiri. Sasa mimi niliyelitunga nionekane na mzigo uleule? Bora mgongo ukatike. Basi nikawa naamka saa kumi, navaa nguo za mbio ili nikikutwa niseme nakimbia, nachukua mundu, nakwenda korongoni, nakata mabingobingo, yale majani marefu yenye makali, nimeinama kwa tochi ya simu, nafunga, naharakisha kurudi kabla hakujapambazuka. Wanawake huweka mzigo kichwani juu ya ngata, mgongo ukanyooka. Mimi shingo yangu ilikataa siku ya kwanza, nikaanguka na mzigo wote. Tangu hapo nikauweka bega la kulia, nimejipinda, napanda njia ya utelezi. Nikishautupa bandani, nafunga kamba za raba na kwenda kukimbia. Na sikuona kwamba nafanya jambo lolote la kuandikwa. Mazoezi ni mazoezi, majani ni majani.

Nilirudi kwa Rukaiya baada ya wiki mbili na daftari safi, mistari imenyooka. Mgongo ulikuwa vilevile. Akasoma, akasema tupunguze vyuma, hakuna kunyanyua kutoka sakafuni kwa wiki tatu. Nilitii. Kwa Lerionka nikawa nafanya mikono tu kama bwana harusi anayejiandaa kwa picha, na wenzangu wakawa wanapita na chuma changu wakiniuliza kama naruhusiwa kukitazama. Wiki tatu zikaisha, mgongo vilevile. Nikampigia simu, akasema basi tupumzishe mbio kwa wiki mbili, tembea tu. Hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Niliwaona wenzangu wa mbio wakipita juu ya daraja la msitu, miguu yao myepesi, na mmoja wao kijana asiye na mgongo wala majukumu alikuwa naye ameomba kazi ile ya Momela. Nilitembea kando ya barabara kama mzee anayefuata mbuzi. Agosti inaisha, machela sijaishika, kilomita zimekufa, na bado kila asubuhi natambaa kutoka kitandani. Nilimlaumu Rukaiya, nikalaumu hospitali, nikalaumu raba zangu za mtumba, nikalaumu godoro. Nilimwambia Irine wazi kwamba fiziotherapia ni utapeli wa watu waliosoma.

"Lakini unamwambia kila kitu?" akaniuliza.

"Kila kitu," nikamjibu, na nikampandishia sauti, mtoto akaamka.

Ijumaa ya mwisho ya Agosti niliingia chumbani kwa Rukaiya nikiwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia. Hakunipa nafasi. Alipekua daftari hadi mwisho, akalifunga.

"Daftari lako ni zuri sana, kaka Dismasi. Kwa daftari hili ulitakiwa uwe umepona tangu wiki ya tatu. Vua shati."

Nikavua. Akazunguka nyuma yangu. Kisha akaweka kidole kwenye bega langu la kulia, pale ambapo mabingobingo yalikuwa yamenichanja michanjo mirefu, mingine mipya ya asubuhi ileile, mingine imeshaota magamba.

"Na haya," akasema, "ndiyo maombi?"

Sikuwa na pa kutokea. Nikamweleza, nimetazama ukuta, nikiwa kifua wazi. Nikamweleza korongo, tochi, mundu, bega, hadi Prosper. Nilitegemea acheke, nikajiandaa kukasirika. Hakucheka.

"Mzigo una kilo ngapi?"

"Sijawahi kupima. Arobaini labda."

"Kila siku?"

"Jumamosi mara mbili, ili Jumapili tuende kanisani."

"Umeinama kukata kwa muda gani?"

"Dakika arobaini hivi. Au saa."

"Mara tu ukiamka." Akaketi. Kwa mara ya kwanza nikamwona naye amekasirika, na yeye hasira yake ilikuwa na sababu. "Nimekunyima vyuma wiki tatu. Nimekunyima mbio wiki mbili. Kumbe wewe kila alfajiri unabeba kilo arobaini za upande mmoja, umejipinda, kwenye utelezi, halafu unakwenda kukimbia juu yake. Nimekutibu mazoezi yasiyo na kosa. Kwa nini hukuniandikia?"

"Dada, uliniambia niandike mazoezi. Majani si mazoezi. Ni kazi ya nyumbani tu."

"Mgongo wako haujui tofauti hiyo."

Nilimwuliza kama mchujo umeshanipita. Akahesabu kwenye kalenda ya ukutani. Wiki nne. Akasema nikiacha majani siku hiyohiyo, kabisa, nikarudi kwenye mbio taratibu na vyuma siku mbili tu kwa wiki, mgongo unaweza kukubali kwa wakati. Nikiendelea kubeba, nisahau machela, na huenda nisahau mengine pia. Akaniandikia mpango wote kwa mkono wake, wiki hadi wiki.

Nilitoka pale kama mtu aliyefutiwa kesi. Maana nilipiga hesabu njiani: Mei hadi mwisho wa Agosti, miezi mitatu ya Irine ilikuwa imetimia. Kila kitu kilikuwa kinarudi mahali pake chenyewe, yeye kwenye majani, mimi kwenye mbio, na hakuna mtu aliyejua. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikapanda nyumbani kwa hatua ndefu, mgongo ukiniuma kila hatua na mimi sijali.

Irine alikuwa jikoni anamenya ndizi za kupikia loshoro, mtoto amelala kwenye kapu pembeni yake. Brenda, mkubwa wetu, yuko shuleni. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote, kwamba tatizo limepatikana, ni majani, kwamba nikiacha leo kazi ya Momela ni yangu.

"Kwa hiyo Jumatatu unaweza kurudi wewe," nikamalizia. "Kliniki si walisema miezi mitatu?"

"Walisema." Akaendelea kumenya. "Sawa."

"Sitaki uanze na mzigo mkubwa. Anza mdogo mdogo."

"Sawa, Baba Brenda. Na huyo dada alisema maumivu yenyewe yakoje?"

Nikafurahi kuulizwa. Baada ya miezi miwili ya kuteseka nilikuwa nimekuwa daktari. "Yana tabia yake," nikamwambia. "Mbaya ni asubuhi. Huwezi kuamka moja kwa moja."

"Unageuka ubavu kwanza," akasema, "ndiyo unashusha miguu."

"Ndiyo. Ukienda kuosha uso sasa—"

"Unashika ukuta."

"Unashika ukuta. Na ukipatwa na kikohozi ndiyo umekwisha."

"Ukisikia kinakuja, kunja goti moja kidogo. Hakiumi sana." Akaweka ndizi kwenye sufuria, akachukua nyingine. "Na usikae kwenye kigoda muda mrefu, utashindwa kuinuka."

Hilo la goti Rukaiya hakuwa amenieleza. Nikabaki nimekaa kwenye kile kigoda, namtazama mikono.

"Umeyajua wapi hayo?"

Alisogeza kisu, akageuza kichwa kumtazama mtoto kama bado amelala.

"Brenda alikuwa bado ananyonya," akasema.

Brenda ana miaka minane. Nikahesabu, na nilipomaliza kuhesabu nikapandwa na hasira, hasira mbaya, ya mtu aliyekamatwa. Nikamwambia kwa nini alinificha, mimi si mumewe? Ningejuaje kama hasemi? Mtu anaumwa miaka minane ndani ya nyumba yangu na hasemi?

"Nilikuambia," Irine akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Ule mwaka ulipoanza kwenda kwa Lerionka. Ulikuwa hapo mlangoni unafunga kamba za raba. Nikakuambia mgongo unanisumbua. Ukasema nimekosa mazoezi tu."

Nilijaribu kukumbuka. Nilikaa pale nikijaribu kuiona asubuhi hiyo, mlango, raba, yeye amesimama na mzigo au hana. Sikuiona. Lakini maneno yenyewe niliyajua kuwa ni yangu, kwa sababu hadi leo ndivyo ninavyosema kwa kila mtu anayelalamika viungo. Nikainuka niende nje, na mgongo ukanikamata nusu njia, nikabaki nimeinama na mkono ukutani. Irine akaniacha nijitengeneze mwenyewe.

Jumatatu ile sikuamka saa kumi. Niliomba kubadilishana zamu na mwenzangu niingie mchana, nikalala hadi kumekucha, nikasubiri ile saa nzima aliyoisema Rukaiya, nikatoka na mundu kumekuwa mchana kweupe. Nilikata kidogo, nimepiga goti badala ya kuinama, nikafunga mafungu matatu madogo badala ya mzigo mmoja. Kwa mpango wa Rukaiya nilikuwa nimeshavunja sharti la kwanza, na nilijua. Yale mafungu yalinitaka nipite mbele ya duka mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, na wanaume walikuwepo, kama wanavyokuwepo kila asubuhi. Safari ya kwanza walinyamaza. Safari ya pili mmoja akakohoa.

Safari ya tatu simu ikaita nikiwa palepale mbele yao. Nikateremsha fungu chini, nikapokea. Ilikuwa Rukaiya, nilikuwa nimempigia asubuhi akiwa na mgonjwa, nikaacha ujumbe kwamba naomba nafasi ya Alhamisi.

"Mgongo umezidi?" akauliza.

"Si wangu, dada. Ni wa mke wangu."

"Pole. Yeye anafanya mazoezi gani?"

Nikawatazama wale wanaume, nao wananitazama mimi na fungu langu. Nilitamani sana kuwa na hasira na mtu yeyote kati yao.

"Anabeba majani," nikasema. "Andika hivyo. Miaka minane, kila siku."